Mtawa wa Chumba cha Kumi na Nne

4 Novemba

Tumefika. Mahema yamesimama, mbwa wa mlinzi amenitambua, na chai ya kwanza ilikuwa na mchanga kama kawaida. Daktari Nivin, mkuu wetu, amenikabidhi daftari jipya la kazi: nani alichimba wapi, nani alibeba, kimetoka nini. Baba yangu aliandika daftari la namna hiyo, na babu kabla yake. Sisi watu wa Qift kazi yetu ndiyo hii, kuwachimbulia wenye elimu, na mimi ndiye mnyapara wao hapa.

Mwaka huu nimenunua na hiki kidaftari, changu mwenyewe, kwa sababu kuna jambo siwezi kuliandika kwenye lile. Daktari wa macho kule Qena amesema nina mtoto wa jicho, yote mawili. Atanipasua Machi. "Mpaka wakati huo, mzee, usifanye kazi ya kuangalia vitu vidogo." Nikamjibu sawa. Kazi yangu yote ni vitu vidogo.

Naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna anayejua.

6 Novemba

Kazi imeanza upande wa mashariki wa monasteri, vyumba vya watawa. Niko na Sidhom Bakhum, mtu wa kijiji cha hapo chini, Mkristo, miaka arobaini na kitu. Msimu wake wa nane nami. Alianza kwa kubeba vikapu, akaniangalia mikono, akajifunza. Ana masikio, huyu. Ukibisha ukuta kwa mpini wa mwiko, tofali bichi linajibu hivi na udongo ulioanguka unajibu vile, na yeye anasikia tofauti kabla sijamwambia.

Daktari ameahidi kwamba msimu huu ukiisha salama, Sidhom atakabidhiwa mwiko. Kwetu mwenye mwiko ndiye fundi, wengine wote ni wabebaji, na katika kambi zetu haijatokea asiye wa Qift kukabidhiwa. Mimi ndiye niliyemwombea. Gad, mwana wa dada yangu, ambaye pia ni mume wa binti yangu, amenuna.

"Mjomba, leo mwiko, kesho watatuambia turudi kwetu tukalime miwa."

"Kalime. Huenda miwa itakuvumilia kuliko mimi."

9 Novemba

Upepo. Hakuna kazi.

14 Novemba

Chumba cha kumi na nne kimeanza kuonyesha lipu nyeupe. Sidhom ndiye aliyeiona. Mimi nilisema "naam, naam" kama niliyeiona tangu asubuhi.

19 Novemba

Mstari mwekundu! Kisha upara wa mzee, kisha maandishi pembeni. Ni mtawa aliyechorwa ukutani, na bado amefukiwa hadi kwenye nyusi. Daktari Nivin aliruka kama msichana, akasahau shahada zake zote. Tangu tuanze kuchimba hapa hatujapata uso hata mmoja.

Kesho ni shibiri ya mwisho. Kwetu shibiri ya mwisho ya udongo mbele ya mchoro huondolewa na mnyapara mwenyewe, si mkono mwingine. Ndivyo alivyofanya baba.

Ningeweza kusema macho hayapo. Nimekaa na hilo jioni nzima, sikulisema.

20 Novemba

Niandike kama ilivyokuwa. Humu sina wa kumdanganya.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Wenzetu wanakunywa chai, chumbani tuko wawili, mimi na Sidhom. Jua limenielekea usoni, na kwa macho haya jua ni maziwa yaliyomwagika, sioni mbele wala pembeni. Nimepiga magoti na mwiko wa baba yangu, ule wenye pembe iliyomeguka. Ukigusa kitu unaacha mikwaruzo miwili badala ya mmoja. Kambini wanaiita sahihi ya Umbarak, jina langu, na kila mtu anaijua.

Nikabisha. Nikasikiliza. Sidhom akasema nyuma yangu, taratibu, "Ami, hapo mlio umebadilika."

"Umebadilika nini?"

"Huo si udongo tena, Ami. Ni lipu. Tuingie na brashi."

"Wewe unanifundisha mimi kubisha ukuta? Nimeanza kazi hii hujaota meno!"

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Haya Ami, yaishe. Mimi sina neno."

"Nenda kalete maji."

Maji yalikuwepo. Ndoo ilikuwa karibu na goti langu. Nilimtuma kwa sababu sikutaka mtu anayeona asimame nyuma ya mtu asiyeona. Akaenda. Nikasukuma mwiko.

Ulipita kwa urahisi mno, na hapo ndipo nilipojua. Kitu kipana kama sinia kiliachana na ukuta, kikaniangukia mapajani, kikavunjika. Nikainua kipande nikakisogeza mpaka puani. Jicho jeusi lilikuwa linanitazama.

Na nikafanya nini, mimi Umbarak, mnyapara mwana wa mnyapara? Nikavuta udongo kwa mikono miwili, nikafunika. Wabebaji walipomaliza chai wakaja na vikapu vyao vya mpira, wakazoa, wakaenda kumwaga kwenye lundo la kifusi. Sikuwazuia. Vikapu sita, nilivihesabu.

Daktari akafika. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza, "Nani alikuwa hapa?"

Gad akadakia kutoka mlangoni, "Sidhom, Daktari. Nimemwona akitoka sasa hivi na ndoo."

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Sidhom alikuwa hapa." Maneno matatu, na kila moja la kweli.

Sidhom akarudi na maji. Akaona ukuta, akaweka mikono kichwani. "Ee Bwana wangu! Ni mimi. Jana niliusugua pale pembeni kwa brashi ngumu. Ami aliniambia nitumie laini, sikusikia. Ni mimi niliyeilegeza lipu, Daktari." Akanitazama nimhakikishie, maana kwake mimi siwezi kukosea.

Sikumhakikishia, wala sikukanusha. Niliyanywa yale maji.

Katika daftari la kazi nimeandika: Chumba cha 14. Sidhom Bakhum. Lipu imeanguka.

21 Novemba

Sidhom amerudishwa kwenye vikapu. Habari ya mwiko imekwisha. Gad kanijia na sigara, "Mjomba, Mungu katunusuru." Nikamwambia aondoke mbele yangu.

23 Novemba

Daktari amesoma mstari uliobaki chini ya pale palipovunjika. Ni lugha ya mababu wa akina Sidhom, wanayoisikia bado kanisani. "Nikumbukeni kwa upendo, mimi mwenye dhambi." Kati ya "mimi" na "mwenye dhambi" palikuwa na jina lake, na hapo ndipo ulipopita mwiko wangu.

"Miaka elfu na mia tatu ameomba akumbukwe," Daktari alisema, "tumefika sisi, tukamfuta jina."

Sidhom alikuwa anapita na kikapu. Alisimama, akainamisha kichwa, akaendelea.

27 Novemba

Mwezi umeandama, Ramadhani imeingia. Wakristo wao wameanza mfungo wao wa Krismasi juzi tu, hawali nyama wala maziwa. Sidhom, ambaye hajatania mtu kwa wiki nzima, alinipitia akasema, "Sasa sote tuna njaa, Ami. Tofauti ni saa." Nikacheka. Kisha nikamtazama anavyokwenda na kikapu begani, umri ule.

1 Desemba

Kazi inaisha saa saba kwa ajili ya mfungo. Wote wanakwenda kulala. Sidhom anabaki kwenye lundo la kifusi na chekeche. Nilimuuliza anafanya nini.

"Vipande, Ami. Havikwenda mbinguni, vimo humu. Nimevunja mimi, nitavitafuta mimi."

"Kifusi cha wiki ngapi kimemwagwa juu yake, mwanangu?"

"Nina mikono miwili."

3 Desemba

Mama yake Sidhom ameniletea futari: dengu, vitunguu na mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, mkubwa, wa moto bado. "Kwa mwalimu wa mwanangu," amesema. Nilikula. Lingine sina la kuandika.

8 Desemba

Sidhom: vipande sita.

12 Desemba

Vipande vinne. Sehemu ya pua. Daktari amemtengea sinia la mchanga hemani, wanavipanga pale. Ameanza kumwambia "hongera". Mimi nikipita huko ninapita mbali.

Tumbo linafunga, ulimi haufungi. Mfungo gani huu?

16 Desemba

Mawingu, halafu matone. Huku mvua ni jambo la kuwasimulia wajukuu, hatuna paa wala hatujiandai, na tofali bichi likinyeshewa ni uji. Watu wanakimbia huku na huku, "Turubai! Turubai iko wapi?" Turubai ilikuwa chini ya kitanda changu na mimi nilikuwa naipapasa siioni. Nilipofika nayo, nilimkuta Sidhom amevua kanzu yake ameitandaza juu ya mtawa, ameishikilia kwa mikono juu, yuko na fulana tu, meno yanagongana.

Nikamwambia, "Utakufa na baridi, mjinga wewe."

"Huyu nimeshamuua mara moja, Ami. Mara ya pili siwezi."

Ilikuwa dakika kumi tu za mvua. Ukuta umepona.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Watu walikuwa wengi. Ndivyo ninavyojiambia, watu walikuwa wengi.

20 Desemba

Sidhom alinijia hemani baada ya kazi, kiganja kimefumba. Uso wake sikuuona vizuri, alisimama na mwanga mgongoni.

"Ami, nimepata hiki. Daktari amekwenda mjini. Kiweke wewe."

"Kwa nini usiweke mwenyewe?"

"Kiweke wewe," akarudia, akaniwekea mkononi, akaondoka.

Kidogo, kama kokwa mbili za tende. Herufi nyekundu niliziona kwa shida, tatu. Nikapitisha kidole gumba. Mikwaruzo miwili, sambamba. Sahihi ya Umbarak.

Nikajisemea hajaiona, kaona herufi tu, furaha imempofusha. Kipande hakikwenda kwenye sinia. Kipo kwenye kopo langu la tumbaku, chini ya mto.

22 Desemba

Kwenye jina la mtawa Daktari ana "Pa" mwanzo na "te" mwisho. Katikati hakuna kitu. "Herufi tatu tu," anasema, "majina kumi yanaweza kuingia hapo." Wasipozipata watafukia hivyohivyo. Kila mwisho wa msimu tunaufunika ukuta kwa kitambaa na mchanga, ndiyo dawa yake, na ruhusa ya kuufunua tena haijulikani itatoka mwaka gani.

Sidhom alikuwa pale anasikiliza. Hakusema amenipa kipande. Hakunitazama. Ameacha kuchekecha.

27 Desemba

Idd. Nipo nyumbani Qift. Wajukuu, keki za sukari, kelele. Mke wangu kaniuliza, "Una nini wewe? Macho?" Nikasema ndiyo, macho. Kwa hiyo hata ukweli sasa nautumia kudanganyia.

30 Desemba

Nimerudi. Baridi. Sidhom anasalimu, anabeba, anakwenda. Utani hakuna.

3 Januari

Hivyohivyo.

7 Januari

Krismasi yao. Kila mwaka nakwenda kuwapa mkono wa sikukuu, na mwaka huu nisingeenda wangeuliza. Nikanunua machungwa, nikaenda.

Mama Sidhom alinipokea kwa bashasha, nyama mezani baada ya siku arobaini na tatu, supu, chai. Sidhom alikuwa nje na jirani. Nikashangaa kuona mama anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mama, siku kama hii?"

"Kaka yangu, wewe ni mwalimu wake, zungumza naye. Jana kwenye misa hakwenda mezani kwa Bwana. Tangu abatizwe hajawahi kuikosa Krismasi. Watu wote wanapanda kwenda kupokea, yeye ameganda kama nguzo. Namuuliza, ananiambia, 'Mama, nina neno na mtu moyoni. Kwetu mwenye neno na nduguye haendi mezani mpaka wapatane.' Namuuliza na nani, hasemi. Nani huyo, kaka yangu? Wewe uko naye kutwa. Nani amemkosea mwanangu kiasi hicho?"

Chungwa lilikuwa mkononi mwangu, nimelimenya nusu.

Kumbe aliiona. Aliiona mikwaruzo, macho yake ni mazima! Alinipa kipande si kwa sababu ya furaha. Alinipa nafasi. Alisema mara mbili, kiweke wewe, kiweke wewe, na amekaa siku kumi na nane ananingoja. Hakunishtaki kwa Daktari, hakumwambia hata mama yake. Mimi nikamweka mtu huyo nje ya mlango wa Mungu wake, kisha nikaja kula nyama yake.

"Nitazungumza naye, mama," nikasema. Nikatoka bila kumaliza chai.

8 Januari

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimewaambia wabebaji mara ngapi, mtu akificha kidonda cha mguu.

Nimekitoa kipande kwenye kopo. Kinanuka tumbaku.

9 Januari

Saa tatu asubuhi, watu wote wamekusanyika chumba cha kumi na nne na vikapu, mchanga umeletwa, kitambaa kimekunjwa tayari. Daktari alikuwa anapiga picha ya mwisho. Nikaingia katikati nikasema, "Simamisheni."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalikimbia. Nikafungua kiganja.

"Hiki ni kipande cha jina. Sidhom alikipata kabla ya Idd, akanipa, nikakificha. Nilikificha kwa sababu kina alama ya mwiko wangu. Mimi ndiye niliyemvunja mtawa. Sidhom aliniambia kuna lipu, nikamtukana, nikamtuma maji yaliyokuwepo. Macho yangu yamekufa tangu Oktoba, na sikumwambia mtu."

Gad akaanza, "Mjomba, usijisingizie, wewe ni mzee..."

"Nyamaza, Gad! Nyamaza mara moja katika maisha yako."

Daktari Nivin alikichukua kipande, akakigeuza, akapitisha kidole palepale nilipopitisha mimi. "Miaka kumi na tisa, Umbarak," alisema. "Ungeniambia macho, ningekuwekea mtu wa kukushika mkono." Akamgeukia Sidhom, akampa kipande. "Weka wewe."

Sidhom aliweka kikapu chini. Alikwenda hemani kwenye sinia la mchanga, sote nyuma yake, akakiingiza katikati ya "Pa" na "te". Kiliingia kama kilivyotoka. Daktari akasoma kwa sauti: "Nikumbukeni kwa upendo, mimi Papnute, mwenye dhambi."

Wanaume wa kijiji walifanya ishara ya msalaba. Mmoja akasema, "Mungu amrehemu Papnute," na wengine wakaitikia, hata wetu wa Qift wakaitikia.

Nilimwendea Sidhom. Nikamwambia, "Nisamehe."

Akauliza, "Ulijua tangu lini kwamba si mimi?"

"Tangu saa ileile."

"Saa ileile." Alitikisa kichwa. "Nilikwenda kuungama kwa kasisi, unajua? Dhambi yako. Nikapewa toba, nikaitimiza. Nimechekecha kifusi mpaka kucha zikang'oka, na wewe unapita kule mbali, nakuona unavyopita mbali. Nikajiambia, Ami ananihurumia."

"Sidhom..."

"Basi, bwana mnyapara. Nimekusikia."

Bwana mnyapara. Miaka minane sijawahi kuwa bwana mnyapara kinywani mwake.

10 Januari

Daktari amevirudisha vipande vyote ukutani kwa chokaa, siku nzima, Sidhom akimshikia. Uso una nyufa kama chungu kilichoungwa, jicho moja halikupatikana.

Jioni nilimpelekea Sidhom mwiko wa baba yangu. Aliutazama. "Huu una pembe mbovu," akasema. "Nitanunua wangu." Na alikuwa na haki.

11 Januari

Tumemfukia Papnute leo. Kazi ya kufukia ukuta ni ya fundi: anaonyesha mchanga uingie wapi kwanza, kiasi gani, nani asimame wapi, maana ukimwaga vibaya unausukuma ukuta unaanguka. Daktari alimwita Sidhom asimamie. Sidhom akagawa watu. Gad huku, fulani kule. Akafika kwangu, akasita kidogo.

"Bwana mnyapara, vikapu."

Nikachukua kikapu cha mpira. Sijabeba mchanga tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nilibeba mpaka adhuhuri, na kila nilipofika ukutani alinionyesha kwa mkono pa kumwaga, karibu kabisa na uso wangu, ili nione. Mara moja nilijikwaa akanishika kiwiko. Kisha aliniachia nikaenda kuleta kingine.

Kesho tunavunja mahema. Jumapili wao wataingia kanisani na mimi nitakuwa Qift. Sitajua kama amekwenda mezani, na sina haki ya kuuliza.

Nimefungua daftari la kazi, ukurasa wa tarehe ishirini Novemba. Nimekata mstari mmoja, sikuufuta, ili usomeke ulivyokuwa. Chini yake nimeandika kwa herufi zangu kubwa:

Chumba cha 14. Lipu ilivunjwa na Umbarak, mnyapara.

Na kwenye ukurasa wa leo:

Chumba cha 14. Fundi: Sidhom Bakhum. Mbeba mchanga: Umbarak.